Hospitali bila mkutubi ni hatari kwa mgonjwa

KILA bajeti za kaunti zinapojadiliwa, mvutano kuhusu afya huwa ni ule ule: dawa, vitanda, mashine na mishahara. Maktaba ya hospitali haitajwi. Pale ilipo, aghalabu ni chumba chenye vitabu vilivyopitwa na wakati, na pengine ufunguo wake hukaa kwa karani.

Ni kosa kudhani kwamba suala hili ni la wasomi tu. Mwaka wa 2011, utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kuhusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu ulitoa matokeo ya kushtua. Kuwamiminia watoto hao maji kwa haraka kupitia mshipani, tiba iliyopendekezwa na miongozo ya kimataifa, kuliongeza vifo. Katika muda wa saa 48, zaidi ya watoto 10 kati ya kila 100 waliopewa maji hayo walifariki, ilhali miongoni mwa ambao hawakupewa, walifariki takriban saba.

Kilifi ilishiriki katika utafiti huo, lakini matokeo yalichapishwa katika jarida la Marekani. Muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ndogo angeyajuaje? Hapo ndipo mtu wa kuchuja habari, kuzifupisha na kuzifikisha wodini anapohitajika.

Wapo watakaosema intaneti inatosha. Kisa cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kinapinga hoja hiyo. Mwaka wa 2001, kijana wa miaka 24 mwenye afya njema alijitolea katika utafiti wa pumu, akavutishwa dawa ya hexamethonium, mapafu yake yakaharibika na akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta habari mtandaoni, ila hazina aliyoitegemea ilianzia mwaka wa 1966. Madhara ya dawa hiyo yalikuwa yameelezwa katika makala za miaka ya 1950. Mkutubi wa tiba aliyehitimu angejua kwamba ukomo wa kompyuta si ukomo wa maarifa.

Kenya haikosi pa kuanzia. Tangu mwaka wa 2002, mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani (WHO) umezifungulia taasisi za nchi zisizo tajiri majarida ya tiba, bila malipo au kwa bei nafuu. Hata hivyo, ni lazima hospitali ijisajili, nenosiri litunzwe, na madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki wafundishwe kuuliza swali linaloweza kujibiwa. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni.

Kaunti zimesimamia hospitali zao tangu 2013. Zinapotangaza nafasi za wahudumu wa afya, hakuna kinachozizuia kuongeza nafasi moja ya mkutubi.