Nani anatukopesha?

Katika Kiswahili, kukopa huzaa kukopesha: kiambishi -esh- humwingiza anayesababisha. Basi tuulize: Kolwezi, mtenda wa kitenzi hiki ni nani? Pesa ya minervali hutoka kwa likelemba, kwa shangazi, au kwa mfanyabiashara mwenye riba ya kila mwezi. Mchimbaji huahidi kulipa kwa kobalti ambayo bado iko chini ya ardhi. Kenya ina bodi ya mikopo ya wanafunzi tangu 1995, Tanzania tangu 2005. Sisi tuna mrabaha wa madini: Sheria ya 2018 hulitengea jimbo asilimia 25, na maeneo ya uchimbaji asilimia 15. Sehemu yake iwe mfuko wa mikopo ya masomo. Mwenye mali ndiye atukopeshe.