Mke Aliyepotelewa na Mumewe

Ndugu zetu Waislamu, wako wadhanio kwamba fiqhi yetu haikupata kuandikwa kwa vifungu, kama Wafaransa walivyoandika kanuni yao mwaka 1804. Sivyo. Dola ya Uthmaniya iliandika Majalla, baina ya 1869 na 1876, chini ya Ahmed Cevdet Pasha. Vifungu 1851 vya kuuza na kununua, kukodi, amana, dhamana na ushahidi, kwa madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Lakini nikahi na talaka hazimo. Mambo ya nyumbani yaliachiwa makadhi na vitabu vyao vya kale.

Na huko nyumbani ndiko kulikokuwa na dhiki. Kwa Mahanafi, mke ambaye mumewe amepotea, hajulikani yu hai au amekufa, hungoja hata wafe hirimu zake mume, na wengi wamekadiria umri wa miaka 90. Mwanamke wa miaka 20 atangoja vipi? Vita Vikuu vilipowameza waume, Dola ikatoa mwaka 1917 Kanuni ya Haki za Jamaa, ikashika kauli ya Imam Malik: miaka minne tangu kukatika tamaa ya khabari zake, na aliyepotelea vitani, mwaka mmoja baada ya majeshi na mateka kurejea. Uturuki yenyewe ilichukua kanuni ya Uswisi mwaka 1926.

Bara Hindi mambo yalizidi. Walikuwako wanawake waliotoka katika dini ili nikahi ivunjike tu, maana hawakuona mlango mwingine. Msiba ulioje! Ndipo Maulana Ashraf Ali Thanawi alipowaandikia wanazuoni wa Kimaliki wa Madina, akafutu kwa kauli yao. Ikafuata sharia ya mwaka 1939, ambayo ingali yatumika huko: mke aweza kumwomba hakimu amvunjie nikahi ikiwa mume hajulikani alipo kwa miaka minne, au hakumlisha kwa miaka miwili.

Sisi wa pwani wengi wetu tu Mashafii, na Imam Shafii ana kauli mbili: ya kale ni miaka minne, na mpya, ambayo ndiyo itegemewayo, ni angoje mpaka ipatikane yakini. Basi wazee humwambia binti, "Subiri," na asemaye hivyo ana chakula chake tayari kimefunikwa kawa. Twaona si haki jambo hili kumalizwa barazani. Na lifikishwe kwa kadhi, pamoja na tarehe aliyoondoka mume, barua yake ya mwisho, na jina la aliyemlisha mke tangu siku hiyo. Maana kukosa chakula na mavazi ni mlango mwingine, wenye maneno yake vitabuni.

Huulizwa pia: na mume akirudi, akamkuta mkewe ameolewa? Imam Malik amesema katika Muwatta kwamba akiwa amekwisha olewa baada ya eda, yule wa kwanza hana tena njia kwake.