Simbilisi si Sungura

Kuanzia Rongo hadi Oyugis nimewasikia watoto kwa wazee wakimwita simbilisi "sungura mdogo". Waliosoma zaidi humwita "nguruwe wa Gine", ilhali si nguruwe, wala asili yake si Gine bali ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mtu wa isimu angetarajiwa kusema kwamba jina ni jina tu, maadamu wasemaji wanaelewana. Hapa sithubutu. Jina la kuazima limeleta matunzo ya kuazima, na anayeumia ni mnyama.

Mwili wa sungura hujitengenezea vitamini C. Wa simbilisi, kama wetu, hauwezi. Simbilisi anayelishwa chakula cha sungura cha dukani na nyasi kavu tu hudhoofika, huvimba viungo, hutokwa na damu, kisha hufa. Mwenyewe husema maradhi yameingia bomani, kumbe dawa inaota nyuma ya jiko: sukuma wiki, majani ya viazi vitamu, kipande cha pera. Apewe kila siku, hata kiangazi. Majani ya nyanya na ya viazi mbatata yana sumu, asipewe kamwe. Na wakulima wa Migori wanaopakana na mashamba ya tumbaku wasimkatie nyasi zilizofikiwa na dawa ya kunyunyizia.

Kosa kubwa zaidi liko katika uzazi. Kitoto cha sungura huzaliwa uchi na macho yamefumba. Cha simbilisi huzaliwa na manyoya, macho wazi, na siku chache baadaye kinatafuna majani. Dume huweza kupanda akiwa na majuma matatu tu, na jike kushika mimba akiwa na mwezi mmoja, hata kwa kaka yake. Mama naye yu tayari kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa; na kwa kuwa mimba huchukua takriban siku 68, jike asiyetenganishwa na dume aweza kuzaa mara tano kwa mwaka hadi mwili ukamwishia.

Kwa hiyo vitoto vya kiume vitengwe vikifika siku 21. Jike asipandishwe kabla ya miezi mitatu, wala uzao wake wa kwanza usicheleweshwe kupita miezi saba, kwani hapo mifupa ya nyonga hushikana na uchungu waweza kumwua. Dume atafutwe mbali, si kwa jirani aliyenunua katika kikasha kile kile.

Tangu 2013 huduma za mifugo zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Nawaomba maafisa wa Migori na Homa Bay wachapishe haya katika ukurasa mmoja, kwa Kijaluo, Kikuria, Kisuba na Kiswahili, na mnyama atajwe kwa jina lake. Ukurasa huo ubandikwe sokoni, pale ambapo mtoto wa shule huuziwa simbilisi wawili bila kuonyeshwa dume ni yupi.