Mukubwa wa siku mbili, mugodi wa siku saba

Ndugu watumishi, sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 iliwekea kampuni za Wakongomani kazi ambazo kampuni kubwa zinagawia wengine. Hapa Kolwezi, kampuni ndogo kama hizo zinakomaa mbio. Lakini kulipa mukubwa wa feza ao wa watumishi juma nzima, bado hazina nguvu. Basi anakuja siku mbili. Siku zingine iko kwa kampuni ingine.

Sisi wa sendika hatukatae. Mwenye kujua hesabu, hata akikuja Jumanne tu, anaweza kufanya mushahara utoke kwa tarehe yake. Lakini akikosa, nani iko na saini? Karatasi ya hospitali haingojee Jumanne; mutoto hagonjwe kwa kalandari.

Tunaomba mambo tatu. Siku zake zibandikwe kwa mulango. Aache mutu mwenye ruhusa ya kutia saini. Na mukubwa wa usalama, huyo hapana kumugawanya: posti ya usiku inaingia kila siku, na jiwe halichague siku ya kuanguka.

Ndugu madelege, muulize hayo leo, mbele ya hatari, hapana kwa kilio.