Pikipiki ya Bonde Irekebishwe kwa Akili, Si kwa Marembo

Mgeni afikaye Ifakara wakati wa mavuno ya mpunga hana budi kuiona pikipiki iliyobeba magunia mawili nyuma ya dereva, ikipita polepole kando ya barabara. Pikipiki hiyo haikutoka kiwandani ikiwa na umbo hilo. Ilisanifiwa kwa ajili ya barabara ya lami, dereva mmoja na abiria mmoja. Keria yake imekatwa na kuchomelewa upya kwa nondo, shokapu zimeongezewa springi, madigadi ya mbele yameinuliwa yasizibwe na tope, na mbele ya injini imefungwa bampa ya bomba la chuma.

Wako watumishi wanaoitazama kazi hiyo na kusema kwamba ni uharibifu wa chombo cha watu. Wako pia vijana wanaodhani kwamba kurekebisha pikipiki maana yake ni taa za rangi, honi ya lori na ekzosi iliyotobolewa ili mlio wake usikike hadi ng'ambo ya mto. Pande zote mbili zimekosea, na makosa yao yanagharimu maisha ya watu.

Yafaa ikumbukwe kwamba ufundi huu si mgeni bondeni. Kabla ya pikipiki kuenea, Ifakara ilikuwa mji wa baiskeli, na hata leo baiskeli hazijatoweka. Baiskeli ya Phoenix iliyotoka China ilipofika mikononi mwa mkulima haikukaa siku nyingi kabla ya kupelekwa kwa fundi ili keria iimarishwe na stendi ibadilishwe, maana mkulima hakununua baiskeli ya kutembelea. Alinunua punda wa chuma. Pikipiki imerithi kazi hiyo.

Jiografia nayo inalazimisha. Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko, na mto Lumemo umewahi kuingia hadi kwenye makazi ya watu mjini Ifakara. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama na kuwakumbusha wote bei ya kuvuka maji katika bonde hili. Daraja lenye urefu wa mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 limeondoa adha hiyo kubwa kwa wasafiri wa Ulanga na Malinyi. Lakini daraja haliendi hadi mlangoni kwa mkulima. Mvua zinapokolea, udongo mweusi wa njia za mashambani hunata kama gundi, na gari haliwezi kupita. Ndipo bwana shamba, mwalimu wa shule ya pembeni, mhudumu wa zahanati na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku wanapokuwa na tegemeo moja tu: pikipiki ya barabarani, yenye injini ya ujazo wa sentimita 100 hadi 150, iliyorekebishwa na fundi wa mtaani.

Kwa hiyo swali si kama pikipiki irekebishwe au isirekebishwe. Swali ni fedha kidogo iliyopo ianzie wapi. Dereva wa bodaboda aliye katika mkataba hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku. Akishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ni kidogo. Mwalimu anayelipa mkopo hali yake haitofautiani sana. Mtu wa namna hiyo akianza na marembo, breki zitamngoja mwezi ujao, na mwezi ujao una mahitaji yake. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Utaratibu wa busara ni huu. Kwanza ni vitu vya kusimamisha na kuelekeza chombo: viatu vya breki, nyaya zake, tairi zenye meno na beringi za usukani. Breki za ngoma zikiingia maji hupoteza nguvu. Dereva aliyetoka kuvuka kijito ahitaji kuzibana kidogo kidogo huku akienda ili zikauke, kabla hajazihitaji kwa dharura. Baada ya hapo ni taa ya mbele na ya nyuma, kwa sababu msiba mwingi huja gizani. Tatu ni mnyororo. Pikipiki ya mizigo hufaidika ikifungwa gurudumu la nyuma la meno mengi zaidi: mwendo wake wa juu hupungua, lakini nguvu ya kuvuta katika tope huongezeka na klachi haiungui mapema. Rekebisho hili lina gharama ndogo na faida yake ni kubwa kuliko marembo yote ya dukani.

Keria ndiyo ya nne, nayo ndiyo yenye hatari iliyojificha. Wengi hudhani kwamba chuma kizito ndicho imara. Sivyo. Bomba lenye uwazi ndani huhimili kupindwa kuliko nondo ya uzito ule ule, na kila kilo ya chuma iliyoongezwa ni kilo ya mpunga iliyopunguzwa. Keria ikirefushwa mno nyuma ya ekseli, mzigo huinua gurudumu la mbele na usukani huwa mwepesi. Dereva hugeuza, pikipiki hairidhii. Tena fundi asiyejua akichomelea moja kwa moja kwenye fremu kuu, moto hudhoofisha chuma kando ya kiungo, na ufa hujitokeza miezi baadaye, aghalabu siku ya mzigo mkubwa. Keria ya kufungwa kwa nati na bolti kwenye matundu yaliyowekwa na kiwanda ni salama zaidi, na huweza kufunguliwa na kukaguliwa.

Hapana rekebisho linalohalalisha mishikaki. Keria imara haiongezi nguvu ya breki, na sheria inayomtaka dereva na abiria wavae kofia ngumu haina msamaha kwa aliyefunga bampa.

Maarifa haya yote yako mitaani, lakini yamegawanyika: fundi mmoja anayo, wa pili hana, na mteja hajui kuwatofautisha. Taifa lina vyombo vya kuyakusanya. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, CAMARTEC mwaka 1981 kwa ajili ya zana za vijijini, na VETA mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Ifakara yenyewe ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Si jambo kubwa mno kuomba kwamba vyombo hivyo visanifu keria moja iliyopimwa, mchoro wake ubandikwe katika kila gereji ya bonde, na mafundi wa kuchomelea wapewe mafunzo mafupi na cheti. Halmashauri nazo zinaponunua pikipiki za maafisa ugani, zitenge fungu dogo la kuzirekebisha kabla ya masika, badala ya kumwachia mtumishi agharimie kwa mshahara wake.

Mwalimu wa sayansi naye ana nafasi yake. Mkono wa wenzo, msuguano na kitovu cha uzito ni mada za darasani. Mfano wake umeegeshwa nje ya dirisha. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa mwaka 1967 ilitaka shule isitengane na maisha ya watu wanaoizunguka. Mwanafunzi atakayepima kwa mikono yake mahali gunia linapopaswa kukaa huenda ndiye atakayekuwa dereva kesho, au fundi, au abiria aliye mgonjwa.

Fundi wa mtaani asidharauliwe wala asiachwe peke yake. Kazi ya mikono yake imebeba bonde zima, na bonde lina haki ya kujua kwamba kiungo alichochomelea hakitakatika njiani.