Majibu ya damu ya maini: karatasi bila maelezo haimsaidii mgonjwa

Tuchukue mfano ambao wengi wataufahamu. Mtu anatoka Sanga, anafika Kamina mjini, anatolewa damu, analipa, anangoja. Mwishoni anapewa karatasi moja: ASAT 96, ALAT 58, bilirubini ya jumla 1,9. Pembeni ya kila namba kuna mshale unaoangalia juu. Anauliza: "Dokta, hii ni nini?" Anajibiwa kwamba maini yake hayako vizuri, kisha jina la mgonjwa mwingine linaitwa.

Mtu huyo anarudi nyumbani na hofu. Jirani mmoja anamwambia anywe maji ya mizizi. Mwingine anamshauri atundikiwe seramu. Kama yuko kwenye matibabu ya kifua kikuu, anaacha vidonge kwa sababu amesikia vinaharibu maini. Familia inauza mbuzi ili imtume Lubumbashi, au inaanza kutafuta nani amemloga. Yote hayo yanatokana na namba tatu ambazo hakuna aliyemweleza.

Maoni yangu ni haya: kipimo kisichoelezwa ni nusu ya kazi, na mgonjwa amelipa kazi nzima. Wakaaji wa Sanga, wa Kamina na wa Haut-Lomami yote wana haki ya kuelewa kinachoandikwa juu ya miili yao. Na si jambo gumu kama wengine wanavyodai.

Namba hizo zinasema nini

Kile ambacho kwetu huitwa bilani ya maini si kipimo kimoja. Ni vipimo vya aina tatu, na kila aina inajibu swali lake.

Swali la kwanza: je, kuna chembe za maini zinazoumia sasa? Hapo ndipo kuna ALAT na ASAT, zinazoitwa transaminazi. Ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya chembe. Chembe ikiumia, vinavuja na kuingia katika damu. Labo nyingi huweka mpaka wa kawaida karibu na 40 kwa lita, lakini kila labo ina mpaka wake kulingana na mashine na dawa inazotumia. ALAT hutoka hasa kwenye maini. ASAT hutoka pia kwenye misuli, kwenye moyo na kwenye chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 madaktari waliipima ASAT kwanza kwa watu wenye ugonjwa wa moyo.

Swali la pili: je, nyongo inapita vizuri? Hapo huangaliwa bilirubini, fosfatazi alkalini na GGT. Bilirubini ndiyo rangi inayofanya macho yawe ya manjano, na kwa kawaida haizidi miligramu 1 hivi kwa desilita. Macho huanza kuonekana ya manjano inapofika karibu 2,5 au 3.

Swali la tatu ndilo kubwa, na mara nyingi ndilo linalosahauliwa: je, maini bado yanafanya kazi yake? Maini ndiyo yanayotengeneza albumini, na ndiyo yanayotengeneza vitu vinavyofanya damu igande, vinavyopimwa kwa kipimo kinachoitwa TP. Albumini ikishuka na damu ikichelewa kuganda, hapo kuna sababu ya kuwa na wasiwasi, hata kama transaminazi ziko chini.

Ukishajua maswali hayo matatu, unaona kosa la kumwambia mtu "maini yako hayako vizuri" kwa sababu ya ASAT peke yake. Hiyo ni kama kuona moshi kijijini na kutangaza nyumba imeungua, kumbe ni mtu anayechoma mahindi.

Mshale kwenda juu hautangazi kifo

Turudi kwa mtu wetu mwenye ASAT 96 na ALAT 58. Kabla ya kumtisha, kuna mambo ya kumwuliza.

Je, alikuwa na malaria juma lile? Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na hiyo peke yake hupandisha ASAT na bilirubini. Je, siku mbili kabla alibeba magunia, alilima tangu asubuhi, au alisukuma baiskeli yenye mizigo? Misuli iliyochoka sana huachia ASAT. Je, ana ugonjwa wa SS, yaani selimundu? Kwa watu hao bilirubini huwa juu karibu wakati wote, kwa sababu ya damu inayovunjika, hata maini yakiwa mazima. Je, anakunywa lutuku? Pombe mara nyingi hupandisha ASAT kuliko ALAT, na ASAT ikiwa zaidi ya mara mbili ya ALAT, daktari huanza kufikiria pombe. Je, ni dawa gani anazomeza? Paracetamol ambayo kila nyumba inayo huharibu maini mtu mzima akizidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500.

Hata damu yenyewe inaweza kusema uongo. Ikitolewa vibaya, ikitikiswa njiani au ikikaa sana kwenye joto kabla ya kufika labo, chembe nyekundu hupasuka ndani ya chupa na ASAT hupanda. Sampuli inayosafirishwa kwa pikipiki kutoka kijijini inahitaji kufikiriwa hivyo kabla ya kuhukumu maini ya mtu.

Mwanamke mwenye mimba naye fosfatazi alkalini yake hupanda kwa sababu ya kondo la nyuma, na ya mtoto hupanda kwa sababu mifupa inakua. Hao si wagonjwa.

Kuna pia mtego wa vipimo. Labo moja huandika bilirubini kwa miligramu kwa desilita, nyingine kwa mikromoli kwa lita. Miligramu 1 ni sawa na mikromoli 17 hivi. Mtu aliyepata 0,9 Kamina na kupata 15 Lubumbashi anaweza kuamini kwamba ugonjwa umezidi mara kumi na sita, kumbe ni kitu kilekile kilichoandikwa kwa njia mbili.

Namba nzuri nazo hudanganya

Upande wa pili ni wa hatari zaidi, na hauzungumzwi sana. Kuna watu wanaotoka labo na furaha kwa sababu ALAT ni 25, na kumbe wana hepatiti B. Virusi hivyo vinaweza kukaa ndani ya maini kwa miaka mingi bila transaminazi kupanda. Hata maini yaliyokwisha kuwa na makovu yanaweza kuonyesha ALAT ya kawaida.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na hepatiti B, na kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea katika kanda ya Afrika. Kati ya wote wanaoishi nayo, asilimia 13 tu walikuwa wamekwisha kupimwa na kujua hali yao. Homa ya maini ya virusi iliua watu milioni 1,3 mwaka huo.

Kwa hiyo bilani ya maini bila kipimo cha hepatiti B, kile kinachoitwa AgHBs, ni bilani yenye tundu. Kipimo hicho cha haraka hakihitaji mashine kubwa. Kinafanywa kwa tone la damu, kama kile cha malaria. Maoni yangu ni kwamba kama familia ina pesa za kipimo kimoja tu, mara nyingi AgHBs itawafundisha mengi kuliko transaminazi peke yake.

Na hapa ndipo namba za labo zinapopata faida ya kweli. Mwongozo wa OMS wa mwaka 2024 unaruhusu daktari aamue kuanza matibabu ya hepatiti B kwa mtu mzima kwa kutumia hesabu iitwayo APRI, bila mashine za bei kubwa. Unachukua ASAT, unaigawanya kwa mpaka wa juu wa labo, unagawanya tena kwa idadi ya plakete (chembe zinazosaidia damu kuganda) ikihesabiwa kwa maelfu, kisha unazidisha kwa 100. Mtu wetu mwenye ASAT 96, mpaka ukiwa 40 na plakete 120, anapata 2,0. OMS inasema kuanzia juu ya 0,5 mtu mwenye hepatiti B afikiriwe kwa matibabu.

Lakini angalia: malaria hupandisha ASAT na kushusha plakete kwa wakati mmoja. Akipimwa siku ya homa, hesabu itadanganya. Inafaa malaria itibiwe kwanza, damu ipimwe tena baada ya majuma machache, ndipo hesabu ifanywe. Jambo hilo linaelezwa kwa dakika mbili, na linaweza kumwepusha mtu na safari ya bure, au kumfanya asichelewe kuanza dawa.

Dawa yenyewe, tenofoviri, si ngeni kwetu. Imo ndani ya kidonge ambacho wengi wa watu wenye virusi vya ukimwi wanameza kila siku. Swali ambalo viongozi wa afya wanapaswa kujibu ni kwa nini dawa inayofika kwa mgonjwa wa ukimwi ni vigumu ifike kwa mwenye hepatiti B peke yake.

"Hawataelewa"

Najua jibu la wauguzi wengi, na si jibu la watu wabaya. Mmoja anahudumia foleni ndefu, mshahara unachelewa, na karatasi imeandikwa Kifaransa chenye vifupisho. Wengine wanasema waziwazi: mwanakijiji hataelewa mambo ya transaminazi.

Hilo silikubali. Mama anayejua siku ya kupanda mahindi kwa kutazama mawingu, anayejua hesabu ya sokoni bila kalamu, ataelewa maneno haya: "Chembe za maini zimeumia kidogo, lakini maini bado yanafanya kazi. Tutibu malaria, acha lutuku, rudi baada ya mwezi tupime tena." Hakuna hata neno moja la Kifaransa hapo. Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa katika kifungu cha kwanza, na kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Sioni vipi mtu atafaidi haki ya afya katika lugha asiyoielewa. Kwa wazee wanaozungumza Kiluba tu, muuguzi wa kwao anaweza kueleza kwa Kiluba.

Kukosa maelezo kunaua pia kwa njia nyingine. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeona mshale juu na kuacha isoniazidi na rifampisini peke yake anajiweka katika hatari ya kufa, na ya kuambukiza nyumba nzima. Kanuni ya madaktari ni wazi: dawa husimamishwa ALAT ikifika mara 3 ya mpaka kama kuna dalili kama kutapika au macho ya manjano, au mara 5 bila dalili. Chini ya hapo, kwa kawaida huendelea huku akifuatiliwa. Lakini anayeamua ni daktari.

Kinachoweza kufanywa sasa

Kwa Division ya afya ya jimbo na kwa zoni za afya, naomba mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Kila karatasi ya labo iandikwe mpaka wa kawaida na kipimo kilichotumiwa. Kila mgonjwa aondoke na karatasi yake, kwa sababu bila ile ya kwanza, ya pili haina cha kulinganishwa nacho. Na kila anayeandikiwa bilani ya maini apewe pia nafasi ya kupimwa AgHBs, pamoja na watu wa nyumba yake kama imeonekana. Kusiwe na aibu juu yake: hepatiti B hupita kwa damu, kwa ngono na kutoka kwa mama hadi mtoto, si kwa kula sahani moja.

Kwa wazazi: mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 95 kati ya 100 hubaki na virusi, wakati kwa watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100. Chanjo ya kinga hiyo imo ndani ya ile inayotolewa kwenye majuma 6, 10 na 14. Msiikose. OMS inashauri pia dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ulizeni kama inapatikana pale mnapozalia.

Na kwako msomaji unayeshika karatasi hiyo leo, uliza kabla ya kutoka: Ni namba ipi imepita mpaka, na kwa kiasi gani? Inaweza kutokana na nini kingine nje ya maini? Je, maini bado yanafanya kazi? Nimepimwa hepatiti B? Nirudi lini? Lakini ukiona tumbo linajaa maji, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, mtu mwenye macho ya manjano anaanza kuchanganyikiwa, au mtoto anakuwa wa manjano siku ya kwanza ya kuzaliwa, usingoje karatasi yoyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.