Msimlazimishe Mwenye Shoto Kugeuza Gitaa

 

Leo sina ujumbe wa kufunga na kukesha. Nina jambo la gitaa. Lakini usiandike Amina bado. Soma kwanza, kwa sababu kuna mahali panapomhusu pasta wako, na si pazuri.

Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha pili alikuja mazoezi ya Jumamosi. Alikuwa na hamu ya gitaa. Akalichukua lile gitaa letu la mbao, akakaa kwenye benchi, akalishika shingo ikielekea kulia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika. Nikasema kwa sauti, vijana wote wakisikia: "Geuza hiyo kitu, binti. Kwa Mungu tunatumia mkono wa kuume." Vijana wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Akageuza. Jumamosi tatu alijaribu. Mkono wa kulia ukawa mzito kama umefungwa kamba, mapigo yanachelewa, wimbo unaenda na yeye anabaki. Jumamosi ya nne hakuja. Ya tano hakuja. Nilipomuuliza mama yake baada ya ibada, mama aliangalia chini, akaniambia, "Pasta, amesema mkono wake si wa kanisa."

Wapendwa, hayo maneno nililala nayo. Nililala nayo zaidi kwa sababu mimi mwenyewe nilizaliwa wa kushoto. Nikiwa darasa la kwanza, mwalimu alinichapa vidole kwa rula mpaka kalamu ikahamia kulia. Mnaojua mwandiko wangu kwenye vyeti vya ubatizo, sasa mmejua sababu. Na mimi niliyechapwa, ndiye niliyesimama karibu na spika nikamfanyia mtoto wa mtu vilevile, bila rula.

Sasa tuongee vizuri.

Najua mila zetu. Huku kwetu hupei mzee kitu kwa mkono wa kushoto, husalimu kwa huo, na mtoto akipokea chakula kwa kushoto anaambiwa arudishe apokee tena. Mimi siji kuvunja adabu hiyo. Salimia kwa kulia, pokea kwa kulia, heshima iendelee. Lakini adabu ya kusalimiana ni kitu kimoja, na namna ubongo wa mtu ulivyoumbwa ni kitu kingine. Duniani karibu mtu mmoja katika kila kumi ni wa kushoto. Hesabu safu zetu za viti Jumapili uone ni wangapi. Hao wote wametupwa na nani? Na hao ambao tumewaombea "pepo la kushoto" litoke, limetoka likaenda wapi?

Kuna mtu tayari anataka kuniandikia Mathayo 25, mbuzi upande wa kushoto. Ndugu yangu, pale panazungumzwa upande wa kiti cha Mfalme. Hakuna mahali imeandikwa mbuzi walikuwa wanapiga gitaa.

Fungua Waamuzi 3. Israeli wamekandamizwa na Egloni mfalme wa Moabu miaka kumi na minane. Mungu anainua mwokozi, anaitwa Ehudi, mtu wa shoto, wa kabila la Benyamini. Na jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume! Mungu alienda kwenye kabila lenye mkono wa kuume ndani ya jina lake, akamtoa humo mtu wa kushoto. Ehudi akafunga upanga kwenye paja la kulia, mahali ambapo mtu wa kushoto huuchomoa kwa urahisi, na ambapo mlinzi aliyezoea watu wa kulia hangetazamia. Geuza mpaka Waamuzi 20, utakuta Wabenyamini mia saba wa shoto, wapiga kombeo wasiokosa hata unywele. Nenda 1 Nyakati 12, waliomfuata Daudi Siklagi walitumia mikono yote miwili, na hao pia ni Wabenyamini. Sioni mahali Mungu alimwambia hata mmoja wao ageuze mkono kwanza ndipo amtumie.

Baada ya yale maneno ya mama, nilienda kujifunza. Niliona aibu kuongoza timu ya sifa miaka hii yote bila kujua gitaa linavyofanya kazi, kwa hiyo nimeanza mwenyewe, na umri huu. Niwaambie nilichojua.

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Mkono wa kushoto unabana nyuzi kwenye shingo, mkono wa kulia unapiga. Mtu atakuambia, "Lakini mkono wa kushoto ndio wenye kazi ngumu pale shingoni, kwa hiyo mtu wa kushoto ana faida." Si uongo. Wako watu wa kushoto wengi wanaopiga gitaa la kulia vizuri kabisa, na kama ukiweza, ni baraka, kwa sababu kila kanisa utakaloingia, kila kesha, kila matanga, gitaa lililopo utalipiga. Sikatai hilo hata kidogo.

Lakini mapigo yako kwenye mkono unaopiga. Huo ndio mkono wa ngoma. Jiulize mkono gani unasonga ugali, mkono gani unashika panga. Ukipiga makofi, mkono gani unaenda na mwingine unangoja? Kwa watu wengine mkono huo haubadilishwi, na ukiubadilisha kwa nguvu unapata kile nilichokiona kwa binti yule, mtu ambaye wimbo uko moyoni mwake lakini unachelewa kufika mkononi. Wengine wanabadilika kwa wiki mbili wala hawaoni shida. Huwezi kujua ni yupi mpaka ajaribu, na anayejua ni yeye. Pasta hajui. Mwalimu wa muziki pia hajui.

Sasa, akitaka kupiga kwa kushoto, kuna gitaa lililotengenezwa hivyo kiwandani. Mimi nimeuliza madukani Bungoma, nikauliza Kitale, sikupata hata moja. Ni la kuagiza, na bei ya kuagiza inaumiza.

Kuna njia ya pili, nayo ni ya watu kama sisi. Unachukua gitaa la kawaida la mbao, lile ambalo mwili wake una mabega mawili yanayofanana, unatoa nyuzi zote, unazifunga upya kinyume, ule mnene uwe mahali pa ule mwembamba, na kuendelea hivyo. Nunua nyuzi mpya, maana za zamani ukizikunja tena hukatika. Shida moja: kule juu, shingo inapokutana na kichwa, kuna kipande cheupe chenye mifereji sita midogo, na kila mfereji umekatwa kwa unene wa uzi wake. Ukigeuza, uzi mnene unakaa juu juu hauingii, na mwembamba unachezacheza unapiga kelele. Fundi mwenye msasa na subira anaweza kupanua mifereji au kuweka kipande kipya. Kuna kingine kule chini, kimewekwa mshazari kidogo ili sauti zilingane. Ukigeuza nyuzi, ule mshazari unakuwa kinyume, na ukipanda juu shingoni sauti inaanza kukosa kidogo. Lakini anayeanza anakaa vyumba vitatu vya kwanza tu vya shingo. Hatasikia tofauti ya kumzuia. Akifika mbali, ndipo tutatafuta fundi wa hilo.

Na njia ya tatu ni kugeuza gitaa bila kubadilisha nyuzi hata moja, nyembamba zije juu na nene ziende chini. Utasema haiwezekani. Ngoja nikuambie habari za mama mmoja.

Kule Marekani, North Carolina, kulikuwa na Elizabeth Cotten, msichana mweusi wa familia maskini. Alikuwa wa kushoto. Hakuna aliyemfundisha wala aliyembadilishia nyuzi. Alishika gitaa la kulia akaligeuza hivyo hivyo. Wapiga gitaa wengi hutumia dole gumba kwa sauti nzito na vidole kwa nyembamba. Hata George Mukabi wetu, yule wa mtindo wa omutibo ambao wazee wetu waliucheza pamoja na chupa ya Fanta, dole gumba lake lilikuwa chini kwenye sauti nzito. Cotten ikawa kinyume, vidole vinapiga nzito, dole gumba linaimba. Akiwa bado mtoto alitunga wimbo wake wa "Freight Train", ambao baadaye ulijulikana duniani.

Lakini sikia hapa, ndipo paliponiuma. Alipojiunga na kanisa akiwa kijana, aliambiwa aache zile nyimbo za dunia. Akaweka gitaa chini. Aliolewa, akazaa, akafanya kazi za nyumba za watu, miaka ikaenda. Miongo mingi! Mpaka akaja kuajiriwa katika nyumba ya familia ya Seeger, watu wa muziki, na siku moja akachukua gitaa lililokuwa limetundikwa ukutani. Vidole vilikuwa havijasahau. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1958, akiwa tayari nyanya. Mwaka wa 1985 alipewa tuzo ya Grammy. Mwaka wa 1987 akalala.

Najua kuna atakayesema kanisa lilikuwa sahihi, nyimbo za dunia ni nyimbo za dunia. Hatutamaliza mjadala huo leo. Mimi naangalia kitu kimoja tu. Aliambiwa aache nyimbo, na gitaa likawekwa chini pamoja nazo. Kanisa lilijua kumwambia weka chini. Miongo yote hiyo, mikono ile ilikuwa inafua nguo za watu, na sifa za Mungu zingeweza kuwa na mpiga gitaa ambaye hakuna mwingine kama yeye. Binti yetu wa Kanduyi angekuwa wa pili, na mimi ningekuwa nimefanya hivyo kwa kicheko tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na wazee wa kanisa wanaujua. Katika timu yetu hakuna mtu atakayeambiwa ashike chombo kwa mkono gani. Atajaribu pande zote mbili kwa muda, aamue mwenyewe, na akiamua kushoto, kanisa litashughulikia nyuzi. Seti ya nyuzi ni pesa tunayoweza kuchanga dakika mbili baada ya ibada, kabla hamjafika kwa boda boda.

Nikasikia pingamizi moja ya maana kutoka kwa ndugu mmoja wa timu: gitaa ni moja, tukigeuza nyuzi, wengine watapiga nini? Swali zuri. Kwa wiki chache tulilipa jibu baya, tukawa tunabadilisha nyuzi kila Jumamosi, na tukakata nyuzi nne. Kisha mzee mmoja akakumbuka gitaa la marehemu kaka yake, halikuwa na uzi hata mmoja na limejaa vumbi juu ya kabati. Hilo ndilo la kushoto sasa.

Nilienda nyumbani kwao. Nilimwomba binti msamaha mbele ya mama yake na wadogo zake, kwa sababu nilimwaibisha mbele za watu, singeweza kuja kumwomba msamaha gizani. Alinyamaza muda. Halafu akauliza, "Pasta, sasa zile picha za kodi kwenye kitabu nitazisomaje?" (Kodi za muziki, wapendwa, si za KRA.)

Ni kweli, picha zote za vitabuni zimechorwa kwa watu wa kulia, inabidi uzigeuze kichwani au simu ikugeuzie. Lakini tuligundua kitu kizuri. Akikaa mkabala na mwalimu wa kulia, anajiona kama kwenye kioo, mkono kwa mkono, kidole kwa kidole. Wale wa kulia hawana hiyo neema. Mimi nakaa karibu naye na gitaa la kuazima, nikijaribu upande wangu wa kwanza, ule waliouchapa. G imekubali. C inanipigisha magoti. Ncha za vidole zinauma, na mtu asiniambie ni mashambulizi ya adui, ni waya tu. Sugu zikishaota maumivu yanapungua.

Yeye ameshaniacha mbali. Jumapili iliyopita alipiga wimbo wa pili wa kuabudu, amekaa mwisho wa mstari upande wa kushoto wa madhabahu ili shingo za magitaa zisigongane. Mama yake hakuimba, alikuwa anaangalia mikono tu.

Mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Mwenye gitaa kuukuu juu ya kabati, hata kama halina nyuzi, alete. Na mzazi mwenye mtoto wa kushoto nyumbani, njoo naye.

Mbarikiwe.